Usiniulize rangi kabla hujaufungua mlango

Juzi usiku nilipokea ujumbe wa msomaji wenye picha kumi na moja. Kijana amenunua MGB, lile gari dogo la michezo la Uingereza lililoanza kuuzwa mwaka 1962, na furaha yake inaonekana hata katika namna alivyopiga picha: taa, usukani, nembo, kisha taa tena. Picha ya tisa ndiyo iliyoninyima usingizi. Chini ya mlango wa kushoto, pale kwenye kizingiti, rangi imeota vipele, dalili ya kutu chini yake. Swali lake lilikuwa hili: “Kaka, nipige kijani kilichoiva au nyekundu? Ipi itaficha vizuri mawimbi ya ubavuni?”

Swali hilo nililiuliza mimi miaka sita iliyopita, na nikapata fundi wa kunijibu.

Gari langu ni Datsun 240Z ya 1972. Sina haja ya kuwaeleza ninyi kwa nini niliitaka. Bonneti ndefu, injini ya silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, paa linaloteremka mpaka mkiani kama maji. Ni gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1971, likarudi kushinda tena 1973. Nilipolipata lilikuwa na vipele vichache nyuma ya milango. Nikalipeleka kwa fundi mwenye sifa. Baada ya wiki tatu nikakabidhiwa gari linalong’aa kiasi cha kujitazama ubavuni na kuchana nywele. Nilimlipa bila kupunguza hata senti, na nikamshukuru kwa mikono miwili.

Miezi kumi na minne baadaye vipele vikarudi palepale, kati ya mlango na tairi la nyuma. Nikabonyeza kimoja kwa kidole gumba. Kidole kikazama.

Nilichokikuta ndani sijakisahau. Puti, ile lipu ya kujazia mabonde ya bati, yenye unene wa kidole, chini yake wavu wa waya, na nyuma ya wavu magazeti yaliyokunjwakunjwa. Hapakuwa na bati. Fundi yule alijenga ubavu wa gari langu kwa karatasi. Mpaka leo nikisikia harufu ya puti mbichi, kifua kinabana. Sijamtaja na sitamtaja, lakini nimemsamehe nusu tu.

Puti yenyewe si adui. Ikipakwa nyembamba, milimita mbili au tatu, juu ya bati zima lililosafishwa, inadumu miaka mingi. Ubaya wake ni kwamba hunywa unyevu. Ukiiweka mahali ambapo nyuma yake hapana bati, maji yanaingia kwa ndani, kutu inasambaa pembeni, na rangi ya juu inabaki kuwa ngozi tu. Mficha uchi hazai. Chukua sumaku ndogo, ifunge kitambaa isikwaruze, ipitishe polepole chini ya milango, nyuma ya milango, kuzunguka matairi. Sumaku hushika bati, haishiki puti. Pale inapoanguka, hapo ndipo kazi yako ilipo.

Basi nikaapa kwamba hakuna mkono mwingine utakaoligusa gari hilo. Nikanunua mashine ya kuchomelea, grinda, stendi nne. Nikajizoeza kwenye vipande vya bati mpaka mshono wangu ukanyooka, nikajiona fundi. Jumamosi moja nikapandisha gari juu ya stendi, nikang’oa mlango wa kushoto ili nipate nafasi, nikakata kizingiti chote, cha nje na cha ndani, pamoja na sehemu ya sakafu iliyooza. Siku moja tu. Nilijivunia sana jioni ile.

Gari la namna hii halina chesisi ya kujitegemea kama lori. Sakafu, vizingiti, nguzo za milango na paa vimeshikana, na vyote pamoja ndivyo vinavyobeba uzito. Ukikata kizingiti umekata mgongo. Mimi nilikata mgongo bila kumfunga mgonjwa banzi. Nilipomaliza kuchomelea bati jipya na kurudisha mlango, juu haikupita hata wembe, chini kidole kiliingia. Bodi ilikuwa imelala kwa milimita chache, nami nikaichomelea hivyohivyo, ikagandia katika ulemavu wake.

Nilikaa sakafuni pembeni ya gari nikalia. Nasema wazi kwa sababu najua wapo wengi wanaosoma hapa waliokaa hivyo na hawajamwambia mtu.

Miezi minane sikuligusa.

Niliporudi, nilirudi na adabu. Kwanza nilipima uwazi wa mlango kwa mshazari, kutoka bawaba ya juu mpaka kona ya chini ya nyuma, na kinyume chake, nikalinganisha na upande wa kulia ambao ulikuwa bado mzima, nikaandika vipimo ukutani kwa kalamu nene. Nikaikata tena kazi yangu yote. Nikairudisha bodi kwenye vipimo kwa jeki, nusu milimita kwa nusu milimita, kisha nikachomelea mabomba ya chuma kuvuka uwazi wa mlango, toka nguzo ya bawaba mpaka nguzo ya kufuli, na jingine kutoka upande wa kushoto kwenda kulia. Mabomba yakakaa kwa ndani kidogo ili mlango uweze kufungwa yakiwa bado yapo. Ndipo nikaanza kujenga, na kila baada ya vidoto vichache vya kuchomelea nilirudisha mlango, nikaufunga, nikatazama nafasi zake. Ndugu zangu, funga mlango. Umechomelea kidogo? Funga mlango. Umeondoa jeki? Funga mlango. Mlango haudanganyi.

Na usichomelee mstari mrefu kwa mkupuo. Bati la bodi ni jembamba, kama milimita moja au pungufu, na joto hulikunja. Weka kidoto hapa, kingine mbali kule, acha lipoe lenyewe, rudi. Ukiona limeanza kubadilika rangi eneo kubwa, umeharakisha.

Kuna jambo jingine linaloniudhi. Watu huondoa kutu bila kujiuliza ilitoka wapi. Kwenye 240Z maji yanayoingia matundu ya chini ya kioo cha mbele hushuka kwa njia zake mpaka nje. Majani yakiziba njia hizo, maji hukaa, na huozesha chuma kuanzia ndani. Betri nayo humwaga tindikali kwenye sahani yake, sahani ikaliwa. Mimi nilitoa ngumi mbili za majani meusi nyuma ya digadi la mbele. Kama ningeyaacha, ningekuwa nachomelea tena baada ya miaka mitano. Ndani ya vizingiti vipya nikapulizia nta maalumu ya kuzuia kutu, na matundu ya kutolea maji nikayaacha wazi.

Kuhusu kupiga msasa sitasema mengi. Ilikuwa miezi minne.

Sasa mapambo, maana najua ndicho mnachokingojea. Nilitaka madigadi mapana kama ya 240ZG, toleo lililotoka Japani mwaka 1971 likiwa na pua ndefu na viongezo vilivyofungwa kwa ribiti juu ya matairi. Wapenda asili watanuna. Nawaelewa. Kama gari lako bado lina bati lake lote la kiwandani, nakusihi usilikate, magari hayo yamebaki machache. Langu lilishapoteza mbavu zake za nyuma kwa magazeti, sikuwa na cha kulinda.

Ila wengi wanakosea hapa. Ili tairi pana liingie lazima ukate ukingo wa bodi juu ya tairi la nyuma. Pale bati la nje na la ndani hukutana. Ukikata, yanaachana, na umefungua mlango wa maji na matope kuingia ubavuni. Kiongezo kikifungwa juu yake hakuna anayeona. Mimi nilipasua bati la ndani vipande kama pindo la nguo, nikakikunja kila kipande mpaka kikagusa bati la nje, nikavichomelea vyote, nikaziba kwa gundi ya mishono, nikapiga praima ya epoksi, rangi ya kwanza inayokinga bati. Kazi ya wiki mbili ambayo imefunikwa na plastiki. Naionea fahari kuliko rangi.

Na rangi ukifika, jali mapafu yako. Rangi nyingi za kuchanganya na kikaushio zina isosayaneti, na kemikali hiyo inaweza kukuachia pumu ya kudumu. Barakoa ya kitambaa haifai. Tumia ile inayoletewa hewa safi kwa bomba, au mpe kazi mwenye chumba na vifaa. Hapo mimi nilikubali kumwachia mtu mwingine, baada ya kiapo chote kile, kwa sharti kwamba bodi ifike kwake ikiwa na praima na mimi niwepo kila siku. Nilikuwepo kila siku. Mwezi uliopita milango yote miwili imefungwa kwa sauti moja fupi.

Yule kijana wa MGB nilimwambia apitishe sumaku kwanza, na jana amenijibu. Sumaku ilishika mlango mzima, ikashika digadi la mbele, ilipofika kizingitini ikaanguka chini. Amejaribu mara tatu. Hakuniuliza tena habari za kijani wala nyekundu. Ameuliza mabomba ya kukazia bodi yawe ya unene gani. Nimemwambia achukue ya mraba, milimita 25, na mlango asiung’oe bado.