Jibu: Michoro ya dini na mavazi ya wajakazi watumwa

Dada, umeuliza kama michoro ya dini inaweza kutuonyesha wanawake watumwa wa Italia walivaa nini. Inaweza, ila usiiamini yote. Tazama mchoro wa Mantegna, msanii wa Italia, wa mwanzoni mwa miaka ya 1490, unaomwonyesha Yudithi, mwanamke wa hadithi ya Biblia aliyemkata kichwa jemadari Holoferne: mjakazi wa Yudithi ni mwanamke Mweusi, kajifunga kitambaa kichwani, kashika mfuko wa kutilia kichwa cha Holoferne. Wanawake kama yeye walikuwepo kweli. Mwaka 1491 Isabella d'Este, mke wa mtawala wa mji wa Mantova aliyemwajiri Mantegna, aliagiza atafutiwe Venice mtoto wa kike Mweusi. Inaumiza kusoma! Lakini mikunjo ya nguo Mantegna aliiga sanamu za Roma ya kale. Kwa nguo halisi, anza na wosia na orodha za mali za nyumbani.