Mwambie mtoto kabla ukuta haujamwambia

Kopo la dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI (VVU) lina kelele. Ukilitikisa kidogo tu, vidonge vinagonga plastiki na kila aliyekaa karibu nawe kwenye daladala anasikia. Ndiyo maana siku za kliniki utawaona akina mama wakitoka dirisha la dawa, wanasogea pembeni, wanafungua kopo na kushindilia pamba juu ya vidonge. Nami nimeshindilia pamba kwa miaka mingi. Nilidhani nawaficha majirani. Kumbe niliyekuwa namficha zaidi ni mtoto mwenyewe, na alikuwa amesimama hapohapo ananitazama.

Ninaishi Makambako, mkoani Njombe. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulionesha kwamba asilimia 12.7 ya watu wazima mkoani kwetu wanaishi na VVU, wakati nchi nzima ni asilimia 4.4. Ni vigumu kupata ukoo ambao haujaguswa. Hata hivyo tunanong'ona, kana kwamba kila nyumba inadhani iko peke yake.

Dada yangu alifariki mwaka 2012. Aliombewa, akaambiwa amepona, akaacha dawa. Aliniachia mtoto wa kiume wa miaka minne, ambaye tayari alikuwa na kadi yake ya CTC, kliniki ya huduma na matibabu ya VVU. Miaka ya mwanzo tulipambana na dawa ya maji, chungu kiasi kwamba akiona tu kijiko anaanza kutapika. Hayo yalipita. Kilichotushinda ni maswali.

Alipofika miaka minane akaniuliza, "Mamdogo, hizi dawa ni za nini?" Nikamwambia ni za kifua. Akafikiri, kisha akasema mtoto wa jirani alikuwa anakohoa, akanywa dawa wiki moja akaacha, mbona yeye haachi? Nikamjibu kwamba kifua chake ni kibaya zaidi. Nililala vizuri usiku ule, nikiamini nimemlinda.

Akiwa darasa la sita tulikaa kwenye benchi la kliniki kusubiri foleni. Ukutani palikuwa na bango. Mtoto wa darasa la sita anajua kusoma, hilo sikuliwaza. Tulipokuwa tunarudi, karibu na magunia ya viazi pale stendi, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mamdogo, mimi nina UKIMWI?" Nikamuuliza nani kamwambia. "Imeandikwa ukutani."

Nikasema tutaongea nyumbani. Nyumbani sikuongea. Katika makosa yangu yote ya kumlea, hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwa sababu yeye alisubiri. Jioni ile alikaa jikoni muda mrefu kuliko kawaida, akinisaidia kumenya viazi bila kuombwa.

Miezi iliyofuata hakuuliza tena. Kipimo cha wingi wa virusi kikarudi zaidi ya 40,000, kiwango cha juu mno. Nesi akaniuliza kama anameza dawa. Nikaapa kwamba namwona kwa macho yangu. Wiki ileile nikageuza godoro lake nilianike. Ndani ya soksi ya shule nikakuta vidonge. Vingine vilikuwa vimelowa mate na kunatana. Nilivihesabu nikiwa nimekaa sakafuni: 63.

Sikumpiga, namshukuru Mungu kwa hilo. Nilimuuliza tu kwa nini. Akasema, "Nilisubiri nione kama nitakohoa."

Kwa hiyo ushauri wangu kwako unayelea mtoto mwenye VVU ni huu: anza mapema, kidogo kidogo, na usiseme uongo ambao kesho utalazimika kuukana. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto aliyefikia umri wa kwenda shule aelezwe hali yake. Kuelezwa si kumkalisha siku moja na kumtupia mzigo wote. Mtoto wa miaka mitano anatosheka na kusikia kuna mdudu mwilini na dawa zinamlaza mdudu huyo usingizi. Wa miaka minane anaelewa habari za askari wa mwili. Nesi wetu alichora duara nyuma ya karatasi, ndani akaweka vidoti vya askari na vya adui, akamwambia adui akilala askari wanaongezeka, dawa zikikosekana adui anaamka. Dakika kumi tu. Jina la ugonjwa linakuja mwisho, likikuta nyumba imeshajengwa.

Usimwambie siku una hasira naye. Usimwambie usiku akalale nalo. Na jiandae kwa swali la "ni mama aliyeniambukiza?", maana litakuja. Mimi nilimjibu ukweli: mama yako hakujua alipokuwa na mimba yako, na utaratibu wa kumwanzishia kila mjamzito mwenye VVU dawa za maisha ulienea nchini miaka kadhaa baada ya wewe kuzaliwa. Alilia. Nami nililia. Kisha akauliza kama mama alikuwa anampenda, na hilo ndilo alilotaka kujua tangu mwanzo.

Alipitia vikao vitatu vya ushauri nasaha, akarudi kwenye dawa, virusi vikashuka mpaka havionekani kwenye kipimo.

Nyumbani nako kulikuwa na kazi. Mama yangu mzazi, bibi yake, anayempenda kuliko sote, alikipaka kikombe cha mtoto rangi nyekundu ya kucha chini ya kitako ili kisichanganywe na vingine. Nilikigundua nikiosha vyombo. Ningeweza kugomba, lakini mama mzazi hagombezwi akabadilika. Nilimwomba anisindikize kliniki, nesi akamweleza taratibu, kwa heshima, kwamba VVU haviambukizwi kwa kikombe wala sahani. Bibi alirudi kimya. Kesho yake nikakuta kikombe kimesuguliwa kwa majivu. Siku hizi ni yeye anayepiga kelele saa tatu usiku ikifika: "Mjukuu wangu, umemeza?"

Alipokwenda bweni tulikaa wawili tukachagua nani aambiwe. Akamchagua matroni, basi. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya mgonjwa. Usikubali kubanwa uieleze shule nzima.

Na wewe mlezi, tafuta mahali pa kulia. Mimi nilijiona chuma, mpaka presha iliponiangusha dukani. Sasa nina kikundi cha walezi. Tunaweka hisa kama vikundi vingine, lakini wapo wanaokuja hata wiki ambayo hawana hela. Kijana naye ana klabu ya vijana kliniki, Jumamosi moja kila mwezi. Siku ya kwanza alikwenda kwa kulazimishwa. Alirudi macho yanang'aa: "Mamdogo, kumbe na kipa wetu..." akaziba mdomo kwa mkono. "Tumeahidiana hatutasema." Nikamwambia usiseme, na sikuuliza tena.

Sasa ana miaka 17 na kuna msichana. Ameniuliza amwambie lini. Nimemwambia siri hii ni yake, si yangu tena. Nimemkumbusha pia alichofundishwa, kwamba anayemeza dawa vizuri na virusi vyake havionekani kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Na kwamba hilo halimpi ruhusa ya kuharakisha. Zaidi ya hapo sikuwa na jibu. Jumamosi tunakwenda wote kwa mshauri nasaha. Ameandika maswali yake kwenye daftari la Baiolojia, kurasa za nyuma, na hajanionesha.