Miaka Tisa Nikiandika Riwaya Isiyokuwa Yangu

Wiki iliyopita binti mmoja wa Mbarara, ambaye anasema ana sura saba za riwaya kwenye simu yake, aliniandikia hivi: "Shikamoo mwalimu. Nimekiona kitabu chako. Mimi sijui ninachoandika ni riwaya ya mapenzi, ya historia au ya upelelezi, na wachapishaji wawili hawajanijibu. Niache?" Nilimjibu kwa maneno matatu, "Marahaba, usiache mwanangu," kisha nikaona aibu, kwa kuwa mtu aliyechukua miaka tisa kulipata jibu la swali hilo hana haki ya kulijibu kwa maneno matatu.

Nilizaliwa katika nyumba za askari wa polisi, Tororo, ambako watoto wa Kiteso, Kiacholi, Kigisu na Kijapadhola tulicheza, tukatukanana na kupatana kwa Kiswahili. Nje ya kambi niliambiwa kwamba hiyo ni lugha ya askari na wezi. Kwa hiyo nilipoanza riwaya yangu ya kwanza mwaka 2013, lengo langu halikuwa kusimulia kisa; lilikuwa kuwaonyesha watu kwamba Kiswahili cha Uganda kinaweza kuwaza. Nikaandika juu ya mtu anayerudi kijijini kutoka mjini na kutafakari uhai na mauti kwa kurasa mia nne. Mhusika wangu mkuu alipanda Mwamba wa Tororo katika sura ya kwanza na hakushuka mpaka sura ya tano.

Mchapishaji wa kwanza alinijibu baada ya miezi kumi na minne kwa mistari miwili. Wa pili hajajibu hadi leo. Wa tatu aliniambia kwamba Kiswahili hakina soko Uganda, na barua yake ninayo bado ndani ya faili moja na vyeti vyangu vya ualimu. Mwaka 2005 Katiba ilikwisha kukitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Nilipoisikia habari hiyo redioni nilitamani kumpelekea mheshimiwa yule redio yangu. Lakini niseme kweli: mswada ule ungekataliwa hata kama ungeandikwa kwa lugha ya malaika.

Sikuliona hilo wakati ule. Niliona nimedhulumiwa, nikakopa shilingi milioni mbili na laki nne katika sako ya walimu, yaani chama cha akiba na mikopo, na kumpelekea mchapaji mmoja Kampala anitolee nakala mia tatu. Hapa ninaomba usome polepole: mchapaji si mchapishaji. Mchapishaji huusoma mswada wako, huugharimia, huuhariri na kuuza kitabu. Mchapaji huweka wino juu ya karatasi na kudai fedha zake. Kitabu huchapwa kwa mafungu ya kurasa zilizokunjwa pamoja, mara nyingi kumi na sita, na fungu la tano la kitabu changu, yaani ukurasa wa 65 hadi wa 80, liliwekwa kichwa chini miguu juu katika nakala zote. Nilipolalamika nilionyeshwa nakala ya mfano yenye saini yangu. Nilikuwa nimeitia bila kulifungua jalada. Mama watoto aliyapanga maboksi chini ya kitanda bila kusema neno, na kimya chake kiliniuma kuliko deni, ambalo nililimaliza kwa miezi ishirini na minne.

Jirani yangu ni afande mstaafu, mpelelezi wa zamani, ambaye kwa heshima tu alikubali nimsomee riwaya ile jioni. Alilala sura ya tatu. Alilala tena sura ya sita.

Januari 2022, siku zile shule zetu zilipofunguliwa baada ya kufungwa karibu miaka miwili, malori yalipanga foleni ya makumi ya kilomita upande wa Kenya kwa sababu ya agizo la kuwapima madereva Korona. Nilivuka mpaka wa Malaba kumwona shemeji yangu, nikakaa kibandani kwa muuza chai katikati ya madereva waliochoka kulala ndani ya magari yao. Mmoja alisimulia habari ya kontena lililofika na sili yake, yaani lakiri ya mlangoni, nzima, namba ileile iliyo kwenye karatasi, lakini ndani nusu ya mzigo hamna. Kila dereva alikuwa na maelezo yake, na mawili kati yake yalihusu majini.

Usiku ule nilimsimulia afande kisa hicho bila karatasi mkononi. Aliketi wima. "Mwalimu," akasema, "bawaba umeziangalia?" Kisha akaingia ndani, akarudi na kisu, akainama mbele ya kabati lake la vyombo lililofungwa kwa kufuli. Alifungua skrubu nne za bawaba, akauvuta mlango kwa upande ule ambao hakuna mtu anayeulinda, akatoa kikombe na kunionyesha. Kufuli lilikuwa limefungwa vilevile. Akarudisha skrubu, akafuta vumbi la kutu kwa kidole gumba, akasema, "Sasa tafuta nani aliyefuta hili."

Kesho yake, saa moja jioni, alikuja mwenyewe kwangu kuuliza kama nimempata.

Ndugu yangu unayetaka kuwa mwandishi, hapo ndipo nilipoujua utanzu wangu, yaani aina ya riwaya niliyofaa kuiandika. Sikuuchagua dukani. Nilimwona mtu mzima akivuka ua gizani kuja kuuliza kilichofuata, na sikuwa nimewahi kumwona hivyo kwa miaka tisa. Soma kazi yako kwa sauti mbele ya mtu asiyekuwa na sababu ya kukusifu. Usimwulize kama ni nzuri, maana atakudanganya kwa adabu, mtazame macho.

Niliona haya, nakiri. Wasomi wetu huiweka riwaya ya upelelezi katika kapu la riwaya pendwa, yaani za kuburudisha tu, na neno hilo midomoni mwao halina mapenzi. Lakini Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda mashindano ya uandishi ya 1957–58 kwa mswada wa upelelezi, Mzimu wa Watu wa Kale, uliotoka kitabu mwaka 1960, na hadi leo hakuna anayesimulia historia ya riwaya ya Kiswahili bila kumtaja. Basi mimi ni nani nijione mkubwa kuliko kufuli na bawaba?

Niliandika kwa miezi kumi na mmoja, kurasa 212. Wachapishaji wawili waliukataa mswada. Wa tatu, wa Dar es Salaam, aliukubali, na mhariri wake akakata kurasa thelathini na moja na kugundua kwamba lori langu lilivuka mpaka wa Busia sura ya nne na kufika Malaba sura ya tisa bila kugeuza. Kuvumilia ndiko huku: si kuupeleka mswada uleule kwa watu ishirini huku ukilia, bali kukaa nao tena kila unaporudishwa. Jennifer Nansubuga Makumbi, mwenzetu wa Uganda, mswada wake wa Kintu ulikataliwa Uingereza, ukashinda shindano la Kwani?, jarida la fasihi la Nairobi, mwaka 2013 na kutoka kitabu mwaka uliofuata. Kama unaandika Kiswahili, ipo tuzo ya Safal, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, inayopokea hata miswada isiyochapishwa. Peleka. Soma masharti kwanza, tuma muhtasari na sura wanazotaka, si zaidi. Mkataba ukija, tafuta kifungu cha mrabaha, yaani sehemu yako ya mauzo ya kitabu, kabla ya kutafuta kalamu. Na tena narudia, soma kwa sauti.

Haya yote nilimwandikia binti wa Mbarara juzi, nikamwuliza ni sura ipi aliyowahi kumsomea mtu. Alijibu kwamba ni ya nne tu, ile ya duka la dawa. Dada yake alikuwa anapika chai na akamwambia anyamaze kwanza mpaka aiepue jikoni, asije akapitwa. Nimemwambia zile tatu za mwanzo aziweke kando, anitumie ya nne.