Jibu kwa mleta mada: mpwa wako "hana kipaji" cha raga ya watu 13, aache?

Mkuu, nimesoma uzi wako wote pamoja na majibu ya wadau. Kwa walioingia sasa hivi: mpwa wa mleta mada ana miaka 13, anaishi Leeds, Uingereza, na mamake, anacheza raga ya watu 13, siyo ile ya 15 tuliyoizoea Nairobi na Kampala. Tangu siku ya kwanza kawekwa winga kwa kuwa "mbio amezaliwa nazo". Msimu huu kateremshwa timu ya pili kwa kuwa "hana kipaji". Nusu ya wadau wanasema kipaji hutoa Mungu, mtoto aache asipoteze muda. Nusu wanasema akaze buti. Mimi ya 15 niliicheza shuleni Kenya, hii ya 13 nikaikuta Yorkshire, eneo lenye mji wa Leeds, nikaicheza ngazi ya ridhaa, na siku hizi nasaidia kufundisha watoto wa rika hilo hilo. Nivumilieni, nitaandika kirefu.

Kitu cha kwanza nilichokitazama katika maelezo yako ni mwezi wa kuzaliwa. Umesema Julai. Makundi ya umri Uingereza hufuata mwaka wa shule, unaoanza tarehe 1 Septemba, kwa hiyo huyo mtoto anagongana na aliyezaliwa Septemba, aliyemtangulia miezi kumi. Ukubwani miezi kumi si kitu. Kwenye miaka 13, mmoja keshavunja sauti na mwenzake jezi bado inamfika magotini. Watafiti wa Uingereza wamelichunguza jambo hili katika raga hii hii, wakakuta timu teule za vijana zimejaa waliozaliwa mwanzoni mwa mwaka wa shule. Nimesimama kando ya uwanja nikisikia wazazi wakisema "yule kazaliwa acheze raga", na nikimtazama kijana mwenyewe, alichonacho ni kilo. Anapokea mpira, anakwenda moja kwa moja, watatu wanamning'inia, anafunga trai, yaani anaugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani. Hajawahi kulazimika kutoa pasi nzuri maishani mwake. Wenzake wakishamfikia kimo, anabaki kushangaa. Hao ndio wanaoacha mapema, tena kwa uchungu, kwa sababu waliambiwa wana kipaji.

Sasa hiyo "bidii" ambayo wadau wanaihubiri. Wengi mnafikiria vyuma na kukimbia barabarani alfajiri. Hayo yapo, lakini raga ya 13 ina bidii yake. Timu yenye mpira ina nafasi 6 za kuangushwa kabla ya kuupoteza kwa wapinzani, na kila mtu anapoangushwa, walinzi lazima warudi nyuma mita 10 kabla ya kupanda tena. Shuka, panda, angusha, inuka, shuka, kwa dakika 80. Kwenye mechi ngumu, huka wa kulipwa, yule wa katikati anayeanzisha pasi kila baada ya mtu kuangushwa, anaweza kuangusha watu 40 na zaidi. Hakuna mtazamaji anayeshangilia mtu kurudi mita 10, ila kocha anayejua kazi yake haangalii kingine. Mchezaji anayerudi mita 8 kwa uchovu ndiye anayewaletea wenzake penalti.

Mfano wangu mkubwa ni Cooper Cronk wa Australia. Alipoingia klabu ya Melbourne Storm mwaka 2004 alikuwa mtu wa benchi, wa kuziba popote palipo wazi. Hakuwa na mbio za kutisha wala mwili. Kocha Craig Bellamy akamgeuza hafubeki, yule anayeongoza mashambulizi kwa pasi na mateke, na Cronk akaufanya mchezo kuwa somo: teke lile lile, pasi ile ile, pembe ile ile, mpaka wenzake wakamwona ana kichaa. Akashinda tuzo ya Dally M, ya mchezaji bora wa ligi ya Australia, mwaka 2013 na 2016. Lakini kinachonivutia mimi ni fainali ya ligi hiyo ya 2018. Alikuwa amehamia Sydney Roosters, na siku chache kabla alivunjika mfupa bapa wa nyuma ya bega. Akacheza hivyo hivyo, dhidi ya Storm yake ya zamani. Mpira karibu hakuugusa. Alizunguka uwanjani akiwaelekeza wenzake wasimame wapi, nani apande, nani angoje, na Roosters wakashinda 21-6. Niambieni, hicho ni kipaji au ni bidii? Mimi naona ni miaka ya bidii iliyokwisha kuhamia kichwani, na asiyejua historia yake ataapa kwamba kazaliwa nayo.

Johnathan Thurston, Mwaustralia mwingine, naye klabu kadhaa zilimpita akiwa kijana kwa kuwa ni mwembamba. Akaja kuichukua Dally M mara nne. Fainali ya 2015, teke lake la kuipa North Queensland Cowboys ushindi liligonga mwamba baada ya muda kwisha. Dakika chache baadaye, kwenye muda wa nyongeza, akapiga lingine la pointi moja na kombe likawa lao, 17-16 dhidi ya Brisbane.

Siyo kwamba kipaji hakipo. Kipo, na tusidanganye watoto. Rob Burrow wa Leeds Rhinos alikuwa na sentimita 165 tu, na namna alivyobadilisha mwelekeo akiwa katika mwendo, hakuna kocha duniani angemfundisha. Trai yake kwenye fainali ya ligi ya Uingereza ya 2011 dhidi ya St Helens itafuteni mtandaoni. Mbio unaweza kuzinoa, huwezi kumnunulia mtu.

Na hapa ndipo linaponiuma kidogo, hilo la winga. Mtoto mweusi akifika mazoezini Uingereza, mara nyingi anapelekwa pembeni kabla hajagusa mpira, eti mbio ziko kwenye damu. Mweupe mwenye mbio zile zile ataambiwa "amefanya kazi sana". Clive Sullivan, winga mweusi mzaliwa wa Cardiff, ndiye aliyekuwa nahodha wa timu ya taifa ya Great Britain iliyotwaa Kombe la Dunia mwaka 1972 kule Ufaransa, na kwenye fainali na Australia alikimbia zaidi ya nusu ya uwanja kufunga. Wengi wangesema kazaliwa hivyo. Utotoni alifanyiwa upasuaji wa miguu mara kadhaa, na kulikuwa na shaka kama atatembea sawasawa. Leo Australia nako karibu nusu ya wachezaji wa ligi kuu wana asili ya visiwa vya Pasifiki, na nawasikia watangazaji wakiwasifia "nguvu za asili". Mtazameni Brian To'o wa Penrith anavyobeba mpira kutoka kwenye mstari wake mwenyewe, mechi nzima, pale ambapo kila mtu amechoka. Winga, lakini anafanya kazi ya propu, yaani ile ya majitu ya mbele ya kugongana na walinzi.

Kwa hiyo kuhusu mpwa wako: timu ya pili si msiba, kwa mtoto wa Julai inaweza hata kumfaa, maana huko atagusa mpira mara nyingi zaidi. Tatizo ni kubaki winga. Mamake amwombe kocha, kwa adabu, mtoto achezeshwe huka au hafubeki kwa muda, mahali ambapo lazima aamue jambo kila baada ya sekunde chache. Na amuulize swali moja: mtoto anakosa nini hasa? Akijibu "ni mdogo", subirini akue. Akijibu kwamba harudi mita 10 au anaangusha watu kwa kuwashika juu, hayo yanafundishika. Akishindwa kujibu kabisa, klabu za ridhaa Leeds ziko karibu karibu, atafute nyingine. Ukipata jibu lake lilete hapa.