Akisema "Bwana ameniambia", naruhusiwa kuuliza?

SWALI: Mchungaji, Bwana asifiwe. Kwenye mkesha mhubiri mgeni alisoma Yeremia 29:11, akasema Bwana amemwambia usiku uleule kwamba madeni yetu yamefutwa. Nilishangilia, nikaacha kupeleka marejesho ya vikoba. Sasa wanakikundi wenzangu wamenijia juu. Nikianza kujiuliza kama lile lilikuwa neno la Mungu, naogopa kumhuzunisha Roho Mtakatifu. Je, kuhoji ni dhambi?
Mama wa watoto wanne, Mbeya

JIBU: Bwana asifiwe, mama. Si dhambi. Paulo aliyewaambia Wathesalonike wasitweze unabii aliendelea hapohapo: "Jaribuni mambo yote, lishikeni lililo jema." Na kule Korintho aliagiza manabii wawili au watatu wanene, wengine wapambanue. Hilo ni agizo, mama.

Fungua Yeremia 29, uanzie mstari wa kwanza. Ni barua. Yeremia yuko Yerusalemu, anawaandikia mateka walioko Babeli: jengeni nyumba, pandeni bustani, ozeni watoto wenu. Mtarudishwa baada ya miaka 70. Ndipo unakuja ule mstari wa 11 wa mawazo ya amani. Wengi walioisikia barua ile walizikwa hukohuko ugenini. Ahadi ilikuwa ya kweli, lakini haikumwondolea mtu jembe mkononi. Na mistari michache tu juu yake, wa 8 na wa 9, Mungu anawaonya juu ya manabii wanaotabiri uongo kwa jina lake. Mhubiri wenu hakuusoma huo?

Sura ya 28 ndiyo hunikosesha usingizi. Hanania, nabii mwingine wa siku zile, alisimama hekaluni akasema, "Bwana wa majeshi asema hivi", maneno yaleyale ya Yeremia, akaahidi kwamba katika miaka miwili vyombo vya hekalu vitarudi kutoka Babeli. Yeremia akajibu, "Amina." Naye alitamani iwe hivyo! Lakini kutamani kwake hakukuligeuza kuwa neno la Bwana, na Hanania alikufa mwaka uleule.

Nayajua haya kwa aibu yangu. Nikiwa mwinjilisti kijana niliitwa kumwombea mzee mgonjwa. Nilimwonea huruma sana, moyo ukanidunda, nikasema mbele ya watu wote: "Bwana ananiambia, hutakufa bali utaishi." Siku ya tatu tukamzika. Mjane wake alininawisha mikono, akanitengea ugali, kisha akauliza polepole, "Mwalimu, lile neno lilitoka wapi?" Sikuwa na jibu. Ilikuwa huruma yangu, nami nikaitia sahihi ya Mungu. Tangu siku ile nikisukumwa moyoni nasema, "Naona moyoni hivi, nipimeni," na sipandi madhabahuni kabla sijaisoma sura nzima, hata kama nitahubiri mstari mmoja.

Mhubiri yule simjui, wala simwiti mwongo. Huenda naye aliwahurumia. Akipatikana, wewe na mzee mmoja wa kanisa mwendeeni kwa heshima, mwombeni mwisome naye sura yote.

Lakini kwanza vikoba. Usingoje kikao. Nenda leo kwa mweka hazina ukiwa na daftari lako, umweleze ukweli, mpange utalipa kiasi gani kila wiki. Warumi 13:8 inasema, "Msiwiwe na mtu cho chote, isipokuwa kupendana." Fedha zile ni za wenzako, na mmoja wao huenda anasubiri zamu yake ya kukopa ada ya mtoto.