"Presha ya moshi" au "shinikizo la mvuke"?

SWALI: Nafanya kazi maabara huku Changamwe. Tumetakiwa kuandika ripoti ya vipimo kwa Kiswahili, nami nikaandika: "Tulipima presha ya moshi wa mchanganyiko wa chumvi." Mwenzangu akaipinga. Kosa liko wapi?

JIBU: Mwenzako ana haki, dada yangu. Andika: "Tulipima shinikizo la mvuke wa mmumunyo wa chumvi."

Presha tuwaachie wagonjwa. Hapa Mombasa ukisema presha imepanda, watu watauliza dawa. Shinikizo ni ngeli ya LI-YA, basi ni "shinikizo la", si "shinikizo ya". Vitabu vya Tanzania vina kanieneo, neno zuri vilevile, ila chagua moja ulishike.

Moshi ndio ulionikalisha kitako. Ni kweli sote husema chai yatoka moshi. Lakini tazama chetezo: udi umeungua, na moshi ule haurudi tena kuwa udi. Maji hayaungui. Funua sufuria ya wali uone matone yanayoning'inia chini ya kifuniko. Mvuke umepoa, umerudi maji yaleyale. Tena mvuke wenyewe hauonekani. Ule weupe juu ya kikombe ni vitone vilivyokwisha kupoa. Katika chupa yenu, mkishanyonya hewa kwa pampu, hamwoni kitu juu ya maji, na bado zebaki kwenye mrija wa U inasogea. Kinachoisukuma ni mvuke. Unashinikiza, ndipo tukapata shinikizo.

Mchanganyiko ni kama mchele na mchanga: ukiwa na ungo na subira utavitenga. Chumvi ndani ya maji haitengeki kwa ungo. Imemumunyuka, kama unavyoyamumunya mabuyu mdomoni hadi zikabaki mbegu tupu. Ndiyo asili ya mmumunyo, na kwa kazi yenu tofauti hiyo ni kubwa. Kwa nyuzi 25 za Selsiasi, shinikizo la mvuke wa maji safi ni takriban 3.2 kwa kilopaskali (kipimo cha shinikizo); maji yakishiba chumvi, yaani yasiweze kuipokea zaidi, hushuka hadi karibu 2.4, yaani robo tatu. Ndiyo sababu chumvi ya mezani hulowa kwetu pwani: unyevu wa hewa ukipita asilimia 75, chumvi huanza kuvuta maji hewani.

Nimesema "yakishiba" kwa makusudi. Usije ukaandika "mmumunyo uliojaa chumvi". Kinachojaa ni chupa, mmumunyo hushiba.