Mashine Kuukuu za Kufulia: Maswali Yenu

*Shikamoo fundi. Nimerithi Hoover ya mabeseni mawili, imekaa stoo ya marehemu babu zaidi ya miaka 20. Nimeshaifuta vumbi. Nianzie wapi ili niiwashe? (Tanga)*

Marahaba. Anza kwa kutoichomeka. Nimeshalisema hili mara nyingi, na bado kila mwezi naletewa mashine iliyounguzwa na mwenyewe kwa haraka ya kuona "kama bado nzima". Mimi mwenyewe nilichomeka moja hivyo hivyo zamani. Baada ya dakika mbili chumba kilijaa harufu ya vanishi inayoungua, na mota ile ya asili ilikwisha.

Mashine iliyolala pwani imenyonya unyevu na chumvi. Waya zake zimevikwa raba, na raba ikizeeka hupukutika kama biskuti: kunja waya kidogo tu, shaba inabaki uchi. Shaba hiyo ikigusa bodi la chuma la mashine, na wewe umesimama pekupeku kwenye sakafu yenye maji, mwili wako ndio unakuwa arthi, yaani njia ya umeme kwenda ardhini.

Fungua mgongo. Tazama kama panya wametafuna nyaya. Zungusha mota kwa mkono. Ikikaza usiilazimishe, tia tone la mafuta mepesi kwenye bushi uiache mpaka kesho. Kapasita, kile kikopo kinachohifadhi chaji ya kuisaidia mota, badilisha: mikrofaradi zilezile, volti zisipungue. Ile ya zamani usiishike kabla fundi hajaitoa chaji, na kama inavuja vaa glavu, wala usiichome moto, kwani nyingine zina mafuta yenye sumu. Kisha fundi umeme apime kwa mega, kipimo cha kuonyesha kama umeme unavuja, kati ya mota na bodi. Ikisoma chini ya megaohmu 1, kausha upime tena. Bila arthi ya kweli ukutani, usiwashe kabisa.

*Nina mashine ya kizamani, ni ya mwaka gani na bei yake ngapi? (hakutaja mahali)*

Wala hukutaja aina. Nakili kibati cha nyuma, namba zote, uniandikie. Swali hili bila kibati silijibu tena.

*Ndugu yangu yuko Marekani, anataka kuniletea mashine ya Maytag yenye roli za kukamulia nguo. Nikinunua transfoma itafanya kazi na stima ya huku? (Mombasa)*

Transfoma itashusha volti 240 kuwa 120, lakini haigusi hezi, yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde. Mota ya kule ni ya hezi 60, sisi tuna 50. Itazunguka kwa mwendo pungufu, kama sehemu 5 kati ya 6, na itachemka zaidi. Wauzaji wa transfoma hawakwambii hilo.

Mwambie atafute ile ya injini ya petroli. Maytag waliwauzia wakulima waliokuwa hawajafikiwa na umeme: unakanyaga pedali kama pikipiki, na moshi unatolewa nje kwa bomba refu la kupinda. Iendeshee uani tu. Moshi ule unaua ndani ya chumba, hata ukifungua dirisha. Mashine za roli ziliendelea kutengenezwa na Maytag mpaka 1983, kwa hiyo asikate tamaa kutafuta vipuri vya roli na gia.

*Nataka kuipiga msasa nipulize rangi mpya ing'ae. Nitumie msasa namba ngapi? (Morogoro)*

Usitumie wowote. Enameli ni kioo kilichochomwa juu ya chuma; ukikikwaruza hakirudi, na rangi ya kupuliza itabanduka kwa maji ya moto na sabuni. Isitoshe, rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi yenye sumu, na vumbi lake watoto wanalivuta. Osha kwa maji ya uvuguvugu na kitambaa laini. Alama za mkono wa aliyeitumia miaka 30 ziache, ndizo zinazoitofautisha na bati la dukani. Na kama pipa ni la alumini, magadi yasilikaribie, yanalila.

*Roli za kukamulia zimekuwa bapa upande mmoja. (Zanzibar)*

Aliyeihifadhi aliziacha zimekazwa. Zivikwe raba mpya, na kila ukimaliza kufua legeza skrubu ya juu. Kabla ya kuwasha, jaribu kile kifyatuo cha kuachanisha roli. Kikamulio cha umeme kikishika ncha ya kanga au ushungi kinavuta, na kikishika vidole kinapanda mpaka kwapani. Mtoto asiachwe karibu nacho hata kidogo.

*Fundi wangu anasema mota ya asili imekufa, aweke mpya ya kichina. Nikubali? (Arusha)*

Ameipima, au ameisikiliza tu? Koili zikiungua, mota inasukwa upya; mafundi wa kusuka mota bado wapo mijini, na ikisukwa vizuri inadumu. Mashine hizi zilifungwa kwa skrubu ili zifunguliwe. Nyingi za leo pipa lake limeyeyushwa pamoja, beringi ikifa unatupa nzima. Akisisitiza kubadilisha, chukua mota yako ya zamani uende nayo nyumbani, usimwachie.